Mwanamke Asiyegeuka

"Ondoa hiyo kitu," Kataliko alisema tena.

Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, kwenye ghala la vipuri huko Shively, pembeni mwa jiji la Louisville, Marekani, na bado hajavua koti. Alisimama katikati ya sebule, mkono kiunoni, akiikodolea macho picha iliyotundikwa ukutani kando ya mlango wa jiko. Ndani ya jiko hilo mkewe alikuwa akikwangua sufuria ya ugali wa jana, na hakugeuka.

"Mama Aksanti! Bageni banakuya samedi!" Katika Kiswahili chao cha Kongo, Jumamosi ilikuwa samedi.

"Najua banakuya samedi. Njo miye nitabapikia."

"Donc, bataikala pale ku kochi, batainua macho, kitu ya kwanza kuona ni mwanamuke ya mgongo! Mutu anakuya kuomba binti, mu nyumba banamupa mgongo. Hii ni nyumba ya namna gani?"

"Ule haiko mwenye nyumba," alisema Nabintu. "Mwenye nyumba ni miye, na miye niko na uso."

Tuseme ukweli, haikuwa picha ya kugombanisha watu. Chumba chenye kuta za rangi ya majivu, meza isiyo na kitambaa, mlango mweupe uliofunguliwa kidogo, na mwanamke mwenye gauni jeusi, kamba za aproni zimefungwa nyuma ya kiuno, shingo wazi, kichwa kimeinama. Basi. Mikono haionekani, uso hauonekani. Chini pembeni palikuwa na jina la mchoraji wa Denmark ambalo hakuna mtu katika nyumba ile aliyeweza kulitamka. Tena haikuwa hata picha yenyewe. Ilikuwa nakala ya karatasi iliyowekwa ndani ya fremu nzuri.

Ilikuwa mali ya Bibi Kirsten, kizee ambaye wazazi wake walitoka huko Denmark. Nabintu alimwogesha na kumlisha miaka mingi katika nyumba ya wazee hapa Louisville. Picha ilikuwa mbele ya kitanda chake, na wawili hao walikuwa wakiitazama pamoja baada ya chakula cha mchana, bila kusema kitu, kwa maana Kiingereza cha Nabintu kilikuwa kidogo na pumzi ya bibi ilikuwa ndogo zaidi. Bibi alipofariki, mwanawe alimwambia Nabintu achague kitu. Wenzake walidhani angechukua televisheni.

Tangu siku ile amani ilihama katika nyumba yao ya mtaa wa Newburg. Kila aliyeingia alitoa hukumu. Mama mmoja wa kwaya alisema huyo mwanamke analia, akataka waiombee papo hapo. Mwingine akasema ni marehemu mwenyewe, amekuja kukaa. Précieuse, binti yao mdogo, alisema kwa Kiingereza kwamba kwa jinsi alivyoinama lazima yuko kwenye simu. Kataliko, ambaye hakuwahi kujishughulisha hata na rangi ya mapazia, ghafla akawa mtu wa kujua nini kinafaa ukutani na nini hakifai.

Nabintu aliipenda picha ile, na sababu yake hakumwambia mtu. Katika nyumba nzima, huyo ndiye pekee ambaye hakuwahi kumwita. Wengine waliita mchana kutwa. Mama Aksanti, soksi! Maman, chaja! Mom, barua ya shule! Mama Aksanti, chumvi iko wapi, na chumvi iko mezani mbele ya pua yake. Bibi Kirsten ndiye aliyekuwa akimwita Nabintu, jina lake mwenyewe, na alipoondoka jina hilo likabaki kwenye kitambulisho cha kazini tu. Nabintu alimtazama yule mwanamke wa ukutani na kumwonea wivu. Alikuwa mahali ambapo hakuna anayeita.

*

Ijumaa jioni Elisée alipiga simu kutoka Columbus, na Aksanti, binti yao mkubwa, akaipokea akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mama yake.

Elisée alikuwa kijana mtulivu aliyefanya kazi ya kupakia mizigo na kuishi Hilliard, kitongoji cha Columbus. Yeye na Aksanti walikutana kwenye kongamano la makanisa, na kwa miaka miwili waliendesha mapenzi yao juu ya barabara kati ya Columbus na Louisville. Shida haikuwa yeye. Shida ilikuwa Zihindula, kaka mkubwa wa marehemu baba yake, aliyetoka Buffalo kuja kusimamia ujumbe wa posa na sasa alikuwa amelala kwa Elisée akilalamikia godoro.

"Analalamika tangu alifika," Elisée alisema kwa sauti ya chini. "Chai ni baridi, godoro ni laini. Aksanti, tafadhali, kila kitu iwe sawa kesho. Unamujua."

Aksanti alimjua. Jamaa zao wote walimjua. Zihindula aliwahi kuvunja posa ya mtoto mwingine wa ndugu yake huko Buffalo kwa sababu alikaribishwa kiti cha plastiki. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatoka, na hakuna aliyeweza kumrudisha. Yule binti mpaka leo hajaolewa, na kiti chenyewe watu bado wanakisimulia.

Aksanti alikata simu, akamfuata mama yake jikoni.

"Maman, ondoa tu ile picha. Ni siku moja."

Nabintu alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Aliacha mikono ndani ya beseni. "Hata weye?"

"Si miye. Ni bo, bageni. Wakienda, nitairudisha mwenyewe. Maman, miye nataka kuolewa na huyu mutu. Sitaki posa ikufe juu ya picha."

Ombi la mtoto wake lilimwuma Nabintu kuliko kelele zote za Kataliko. Angekubali. Alikuwa amekwisha kupangusa mikono, amekwisha kupiga hatua kuelekea ukutani, na mkono mmoja ulikuwa tayari kwenye fremu, wakati sauti ilipotoka chumbani.

"Mama Aksanti! Shati yangu nyeupe iko wapi?"

Shati lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba hichohicho alimokuwa akiita Kataliko. Nabintu aliushusha mkono wake.

"Inabaki," alimwambia Aksanti, akarudi kwenye sombe yake.

*

Jumamosi asubuhi jirani yao Winifrida, Mtanzania wa Bukoba, alikuja kusaidia kupika kabla hajaenda zamu yake hospitalini. Nyumba ilinukia vitunguu na mafuta ya mawese. Nabintu alikuwa amevaa gauni lake jeusi la kazi na aproni juu yake, maana kitenge chake kipya, cha buluu na njano, alikuwa amekipiga pasi na kukilaza juu ya mgongo wa kiti, akivae wageni watakapokaribia.

Kufika saa sita kasoro Winifrida alichungulia dirishani. "Shoga, gari hilo linaegeshwa. Hebu kavae, nitaangalia moto."

Nabintu alitoka jikoni kufuata kitenge, na kiti kilikuwa kitupu. Akatazama chini, akatazama chumbani, akarudi. Kisha akainua macho. Kitenge kilikuwa ukutani; nyundo aliyoisikia akiwa jikoni alidhani inakaza mguu wa meza. Kataliko alikuwa amekipigilia misumari juu ya picha, msumari huku, msumari kule, na sasa alikuwa amesimama kando na nyundo mkononi, amejipongeza.

"Bon. Hivi iko muzuri. Ni kama mapambo."

"Ni nguo yangu," Nabintu alisema.

"Nguo gani?"

"Yenye nilipasha pasi. Yenye ningevaa. Umeipiga misumari."

Kataliko alikitazama kitenge, kisha gauni jeusi la mkewe, akaishusha nyundo. Angeomba radhi pengine, lakini mlango uligongwa.

"Makubwa," Winifrida alinong'ona, akachukua mkoba wake. "Nguo ya mwenye nyumba inakaa ukutani, mwenye nyumba anakaa na aproni. Mimi naenda kazini kabla sijasema neno." Akapishana na wageni mlangoni, akiwasalimia kwa heshima zote.

*

Zihindula aliingia wa kwanza. Alikuwa mtu mrefu, suti ya kijivu, kofia mkononi, na macho yaliyokagua nyumba kama mnunuzi asiye na haraka. Nyuma yake alikuja Elisée, shati limemkaba shingoni, na mjomba mmoja mnyamavu. Upande wa wenyeji kulikuwa na Kataliko na mzee wa kanisa. Nabintu aliwapokea kwa mikono miwili, akainama, akasalimu, akarudi jikoni. Ndivyo desturi ilivyotaka: mama wa binti haketi kwenye maneno ya wanaume. Aksanti alifichwa chumbani mpaka aitwe, Précieuse akiwa naye.

Wageni waliketi kwenye kochi refu. Mbele yao kulikuwa na ukuta wenye kitenge, na kando yake mlango wa jiko usio na pazia, ambamo mama mwenye nyumba alionekana akipakua, akiosha, akikatakata, akirudi tena kupakua.

Walikula. Walisifu sombe. Zihindula aliomba pilipili, ikaja. Akaomba limau, ikaja. Kataliko akaomba taulo za karatasi, kijiko kikubwa, chumvi, na kila alichoomba alikiomba bila kugeuza shingo. Mzee wa kanisa aliomba kuongezewa wali. Mazungumzo yalikwenda vizuri, theluji ya Buffalo ililaaniwa ipasavyo, na Kataliko akaanza kupumua.

Lakini Zihindula alikuwa akiangalia kitenge. Alikuwa akikiangalia tangu alipoketi.

"Papa Aksanti," alisema mwishowe, akipangusa midomo. "Pale nyuma ya kitenge kuko nini?"

"Kitu kidogo tu, muzee."

"Kitu kidogo haifunikwake."

"Ni ukuta," Kataliko alidanganya. "Iliharibika. Mwenye manyumba atakuya kutengeneza."

"Ukuta iko na pembe?" Zihindula alionyesha kwa kidole, na kweli, kona nne za fremu zilichomoza chini ya kitambaa. "Miye naona foto. Foto kubwa." Akaweka sahani chini. "Muniambie ukweli mbele ya batu. Huyu binti iko na bwana mwingine? Mulifunika foto ya harusi ya kwanza?"

Mzee wa kanisa alikohoa. Elisée alisema, "Papa mukubwa, hapana, miye namujua Aksanti," na akaambiwa anyamaze.

Kwa jambo hili usimlaumu Zihindula peke yake. Funika kitu ukutani siku ya posa, kisha udanganye juu yake, uone watu watafikiri nini. Kataliko sasa hakuwa na njia. Binti yake angetoka nyumba ile na jina la mke wa mtu, na kufika Jumatatu jina hilo lingekuwa limefika Columbus, Buffalo na kila mahali penye kanisa la Wakongomani. Aliruka, akashika ncha ya kitenge, akavuta. Misumari ilishikilia, kitambaa hakikushikilia. Kitenge cha Nabintu kilipasuka kwa sauti ndefu toka juu hadi chini.

Na pale mbele yao, ndani ya chumba chake cha majivu, alisimama mwanamke mwenye gauni jeusi, amewapa mgongo.

Zihindula alimtazama kwa muda. Kisha akasimama na kufunga kifungo cha koti.

"Bon," alisema. "Tumeelewa. Batu banatuita, natoka Buffalo, nalala Columbus ku godoro mubaya, nafika hapa, banatuonyesha mgongo. Na banaifunika kwanza, ili tule, tushibe, halafu ndiyo tuione. Asante. Elisée, funguo ya gari."

"Muzee, sikiliza!" Kataliko alikuwa amebaki na kipande cha kitenge mkononi. "Si miye! Ni mambo ya muke yangu. Nilimwambia kila siku ondoa, anakataa. Alitoa hiyo kitu ku kazi, ku bazee bazungu. Miye siko ndani! Mama Aksanti! Kuya ueleze bageni ujinga yako!"

Wanaume wote waligeukia jikoni. Mlangoni pa korido Aksanti alikuwa ametokea bila kuitwa, nguo yake mpya mwilini, mkono mdomoni, na machozi yalikuwa yamekwisha kuanza.

Nabintu alizima moto kwanza. Kisha akafunga bomba. Kisha akatoka, mikono ingali na maji. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa ya miaka, lakini ilitoka polepole, bila kelele.

"Papa mukubwa," alisema, "mulifika saa ngapi?"

Zihindula hakutazamia swali. "Midi, saa sita."

"Toka midi miye niko pale. Napika, naosha, naleta. Mgongo yangu njo muliona, kila saa, mu mlango ile ile. Mgongo ya kweli. Ya mama ya binti mwenyewe. Hakuna mutu alikasirika. Hakuna mutu alisema, huyu mama anatupa mgongo, tuende. Mulisema, Mama Aksanti, leta pilipili." Akaionyesha picha bila kuitazama. "Huyu ni karatasi. Hakuambia mutu kitu. Hakuomba kitu. Njo huyu anawaumiza roho?"

Zihindula alimtazama Nabintu, gauni jeusi, kamba za aproni, kisha macho yake yakaenda ukutani, yakarudi. Hakuwa mtu mjinga, ila alikuwa amezoea kuheshimiwa kuliko kuona.

"Haitoke ku ukuta," Nabintu alisema. "Na miye nimechoka kusimama."

Akavuta kiti kimoja, akakiweka chini ya picha, akaketi kuwaelekea wageni. Akaweka mikono juu ya magoti.

"Sasa muulize yenye mulikuya kuuliza."

*

Jambo kama hilo halikuwa na utaratibu. Mama wa binti ameketi kati ya wanaume, mgeni mkuu amesimama na kofia, baba wa binti ameshika tambara. Zihindula angeweza kutoka. Mlango ulikuwa hatua chache, na Elisée, masikini, alikuwa na funguo mkononi. Lakini Elisée hakuinuka. Alikuwa akimtazama Aksanti pale koridoni, na funguo akazirudisha mfukoni.

Zihindula aliliona hilo. Akameza mate, na pilipili aliyoila ikamkumbusha kwamba bado ipo.

"Muniletee maji kwanza," alisema.

Ilikuwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kuweka miguu. Mgeni aliyeomba maji bado ni mgeni; hilo kila mtu aliyekuwamo alilijua, na kila mtu alimgeukia Nabintu.

Nabintu hakuondoka kwenye kiti.

Mzee wa kanisa alitazama zulia. Aksanti, kwa mazoea tu, alipiga hatua kuelekea jikoni.

"Kaa," mama yake alisema. Précieuse, nyuma ya dada yake, hakuhitaji kuambiwa.

Kataliko alingoja. Alimtazama mkewe, akamtazama mgeni, akamtazama mkewe tena. Hatimaye aliweka kipande cha kitenge juu ya meza, akaingia jikoni mwenyewe.

Kutoka kwenye kochi wote walimwona mgongo, ndani ya lile shati jeupe. Alifungua kabati moja, akakuta mchele. Akafungua jingine, akakuta sufuria, na mfuniko ukaanguka sakafuni na kuzunguka kwa muda mrefu. Katika nyumba hiyo walikuwa wameishi tangu walipofika Amerika.

"Mama Aksanti," aliita. "Maglasi iko wapi?"

Nabintu alikuwa akiwatazama wageni. Hakuitika.

Zihindula alifungua kifungo cha koti lake, akaketi taratibu. Akamwinamia Elisée. "Tungojee maji," alisema kwa sauti ya chini. "Halafu tuite binti." Koridoni Aksanti alijifuta macho kwa kiganja.

"Mama Aksanti!"

Kabati jingine lilifunguliwa, likafungwa kwa kishindo. Maji yalikuwa yakitiririka bombani bila chombo cha kuyakinga. Kataliko alibaki amesimama mbele ya sinki, kichwa kimeinama, mikono haionekani, hajui aanzie wapi. Kisha sauti ikatoka, ndogo, ya mtu aliyeshindwa.

"Nabintu," alisema. "Nakuomba. Maglasi iko wapi?"

"Kabati ya chini, mukono ya kuume," alisema Nabintu, na hakugeuka.